Bandeji ya Sista Haifunguliwi

Mimi ni mtu wa kinyaa, na silionei haya hilo. Nikikuta unywele kwenye sahani, siku hiyo nalala njaa. Mtoto akitapika, namwita baba yake. Kwa hiyo nikisema kwamba katika watu wote ninaowajua hakuna aliyenitia kinyaa kama mama mkwe wangu, asije mtu akadhani nazungumzia uchafu. Mama mkwe ni msafi kupita kiasi, anapiga deki mpaka sakafu inaomba kupumzika. Kinyaa ninachokisema ni cha aina nyingine, na ilibidi mbwa aoze kidole ndipo nikijue.

Mtaa mzima unamwita Sista, na hata mumewe anamwita hivyo. Ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya wodi ya vidonda, ile ya mwisho kabisa kwenye korido, ambayo wenzake wakipangiwa huko walikuwa wanaugua ghafla. Yeye aliiomba mwenyewe. Alisafisha miguu ya wagonjwa wa sukari, migongo ya watu waliolala kitandani mpaka ngozi ikaisha, mikono iliyosagwa na mashine. Mambo hayo anayasimulia mezani, kijiko mkononi, na wala hapunguzi neno. Anasema asubuhi alikuwa anasimama mlangoni mwa wodi, anavuta hewa mara moja tu, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mtu ambaye kidonda chake kimegeuka. Mimi nilikuwa nadhani anatia chumvi. Mume wangu, aliyekulia kwenye hadithi hizo, anakula zake tu.

Kitu kimoja kilimshinda Sista, nacho ni mbwa. Nyoka alimuua kwa fagio mbele ya macho yangu, na panya humbeba kwa mkia akamtupe jalalani, lakini mbwa akimgusa sketi anakwenda kuibadilisha. Mate ya mbwa akiyaona sakafuni anatetemeka mabega. Na bahati yake ilivyo mbaya, aliolewa na mtu aliyekuja kuhitaji mbwa.

Baba mkwe ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa mbele wa nyumba yetu, kinatazama barabara, na ndani mnanuka ngozi, gundi na miguu ya watu wasiojuana. Masikio yake yalimwacha polepole. Sasa ukitaka akusikie, upige kelele upande wa kushoto, au usimame mbele yake akutazame midomo. Alishawahi kugongwa na mkokoteni ambao barabara nzima iliusikia ukija isipokuwa yeye. Wateja walikuwa wanamwita mpaka wanachoka, wanakwenda kwa fundi mwingine, na watoto wake walishaanza kunong'ona kwamba mzee apumzike ndani.

Halafu akaja mbwa. Alijileta mwenyewe, mbwa koko mweusi, akalala chini ya meza ya kazi kama aliyeajiriwa. Hakuna aliyemfundisha kitu. Mteja akifika, mbwa anamgusa fundi goti kwa mguu. Pikipiki ikija kwa nyuma wakati Baba anavuka barabara, anamziba njia kwa mwili wake. Baba akampa jina la Kengele, wateja wakarudi, na habari ya kupumzika ndani ikafa. Sista aliliona hilo, akamvumilia Kengele kwa sharti moja tu, asivuke kizingiti cha nyumba.

Siku moja Kengele alikanyaga kipande cha wembe wa kukatia soli. Kidole kimoja cha katikati, mguu wa mbele, kikachanika vibaya. Baba akamwita Sista. Sista alikataa, akanuna, akasema mbwa hujilamba mwenyewe akapona. Baba hakubishana naye, alibaki tu amemshika mbwa mguu, damu ikimdondokea kwenye aproni, anamtazama mkewe. Mwishowe Sista akaenda kuvaa glovu, jozi moja juu ya nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeziba pua, ingawa wakati huo hapakuwa na cha kunusa. Sista alifanya kazi ile amegeuza uso. Alimwagia maji ya dawa, akaweka pamba, akazungushia bandeji, kisha akachukua plasta ile nyeupe ngumu akaizungusha, akaizungusha tena, kila mzunguko akiuvuta, mpaka vidole viwili vya katikati vikawa kifurushi kimoja kisichoonekana mwanzo wala mwisho. Alisema imekwisha, na asimwone tena karibu yake.

Sasa, mimi nimemwona Sista akifunga kidole. Mwanangu alipobanwa na mlango, alimfunga taratibu, akaacha ncha nje, akaibonyeza ukucha ukawa mweupe, akasubiri mpaka wekundu urudi. Akamwambia mtoto kidole kikiwa cha baridi au kikifa ganzi alie mara moja, asione haya. Ya mbwa hakuiacha ncha. Kuiacha ncha kungemlazimu kurudi kuitazama, na kurudi kuitazama kungemlazimu kumshika tena.

Na nyumbani kwetu kuna sheria, bandeji ya Sista haifunguliwi na mtu mwingine. Akimaliza kufunga anaitia alama yake kwa kalamu, ili ikiguswa ajue. Anasema wodini vidonda vingi viliharibiwa na ndugu wa mgonjwa wenye kiherehere. Mume wangu utotoni alifungua yake achungulie, akachapwa kwanza ndipo akafungwa upya. Kwa hiyo wote tulipoiona ile alama kwenye plasta ya mbwa, tulishika adabu zetu.

Kengele hakuijua sheria. Aliing'ata ile plasta, akaivuta, akalia, akaing'ata tena. Sista akaipaka shubiri. Mbwa akalamba, akatokwa na povu, akakimbia akijipangusa mdomo kwenye majani, kisha akarudi kuing'ata huku analia. Sista akasema huyo ni mbwa mwenye deko. Baadaye Kengele akaacha kabisa kuhangaika nayo, akawa analala tu nyuma ya kibanda, nasi tukadhani amezoea.

Ndipo ilipoanza harufu. Nilianza kuisikia jikoni, na kwa kuwa jikoni ni mahali pangu, nilijilaumu mwenyewe. Nikatoa kila kitu kabatini. Nikamwaga dawa ya choo kwenye sinki. Nikavilaumu viatu vya mume wangu, nikavitoa nje, harufu ikabaki ndani. Ilikuwa tamutamu, na hilo ndilo lililokuwa likinimaliza, kwa sababu harufu kali mtu unaweza kupambana nayo, lakini hii ilikuwa inaingia kwenye chai, kwenye mto, kwenye nywele za watoto. Nyama ikanishinda. Nilikuwa nameza mate kila saa, na majirani wakaanza kunitazama tumbo.

Sista alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni na kikapu chake. Nilikuwa namtazama. Alivuta hewa mara moja tu. Uso wake ukakakamaa, akatua kikapu chini polepole kama kimejaa mayai, akasema, "Panya. Amefia darini."

Mume wangu akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, panya hamna. Kesho yake Sista akasema tena ni panya, labda yuko ukutani. Mwanamke aliyekuwa akimjua mgonjwa kwa pua kutoka mlangoni mwa wodi alikuwa anazunguka nyumba na sisi, anainama chini ya vitanda na sisi, anatafuta panya. Alijua. Nakwambia alijua tangu hajaweka kikapu chini.

Aliyegundua ni mimi. Nilikwenda kutupa takataka nyuma ya kibanda nikamkuta Kengele amelala ubavu, na ile plasta huioni kwa nzi. Nilimwita Sista. Alikuja na mkasi mfukoni, jambo ambalo nalo lilinipa la kufikiria, akaniambia niingie ndani. Niliingia, nikasimama kwenye dirisha la jikoni.

Plasta ilitoka na manyoya, na manyoya yakatoka na ngozi. Kidole kimoja kilikuwa kimekufa. Nchani kimekauka, kimesinyaa, cheusi kama tende iliyosahauliwa. Shinani kilikuwa kibichi, kijivu chenye ukijani, na mahali plasta ilipokuwa imebana palikuwa na mfereji mwembamba unaotoa maji. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau. Upepo ukageuka, harufu ikapanda dirishani yote kwa pamoja, nami nikatapika kwenye sinki juu ya vyombo nilivyokuwa nimekwisha kuviosha. Nilipoinua kichwa nilimwona Sista anaingia chooni na ile plasta mkononi. Nikasikia maji yanamwagwa, ndoo moja, halafu nyingine.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, Baba amembeba Kengele kifuani, Sista na mimi nyuma. Chumba kilikuwa kidogo, meza ya bati katikati, sakafu ina tundu la kupitishia maji, na maji yenyewe hayakuwa yamepita yote. Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya usingizi. Alikichoma kile cheusi kwa sindano na Kengele hata hakugeuka. Akasema hicho kimekwenda. Kile cha pili alikibonyeza, akangoja, akangoja, mpaka rangi ikarudi kwa shida. Alieleza kwamba mbwa uzito wake anauweka kwenye vidole viwili vya katikati. Akipoteza kimoja atatembea, akipoteza vyote viwili mguu huo utakuwa pambo, na uozo ukipanda juu, hapo ni kukata mguu au kumpa sindano ya mwisho. Baba alimwomba arudie taratibu, akimtazama mdomo, na kila neno lilipompata nilimwona akizidi kumkumbatia mbwa.

Kukata siku ile hakukufaa. Daktari alitaka nyama hai na nyama mfu zijitenge zenyewe, mpaka wake uonekane, ndipo akate bila kubahatisha. Mpaka hapo, vidonge, na asubuhi na jioni mtu aoshe mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, aondoe kinachoachia, akibonyeze kile cha pili na kuangalia rangi. Sista aliitikia kila jambo kabla halijamalizwa kusemwa. Kisha daktari akaonyesha ule mfereji kwa ncha ya kalamu, akauliza kidole kilifungwa na nini.

"Uzi, labda," Sista akasema. "Si unajua kibanda cha fundi viatu, nyuzi zimetapakaa kila mahali."

Baba alikuwa anamtazama midomo. "Uzi wangu?" akauliza.

Daktari, kwa huruma, akampigia kelele kwamba mambo hayo hutokea, asijilaumu. Mimi nilikuwa nimejibana pua na leso, na ndani ya leso ile ndipo kilipoanza kinyaa changu cha pili. Kile cha kwanza kilikuwa cha tumboni. Hiki kilikuwa juu zaidi, na hakikuwa na namna ya kukitapika.

Baba alirudi akafagia kibanda mpaka pembeni kabisa. Nyuzi zake zote, zile nene za nta anazoshonea soli, alizikusanya akazitia mfukoni na kuufunga mdomo wa mfuko. Akawa hashoni tena, anapiga gundi tu. Akamfunga Kengele uani ili asiumie tena kwake. Bila mbwa, masikio yakawa hamna. Mteja mmoja alimrushia kiatu mezani ili amtazame, tena akacheka. Siku nyingine Baba aliingia na suruali imelowa tope mpaka kiunoni, akasema amemwagikiwa maji, kumbe dereva wa pikipiki alikuwa amemkwepa mpaka wote wawili wakaishia mtaroni. Mume wangu akarudia ile habari ya kupumzika ndani. Tulitegemea ubishi. Baba akasema sawa, mtu asiyeweza kuangalia uzi wake mwenyewe hana biashara ya kuwa fundi. Alikubali haraka mno, na mimi ilinikata maini.

Na wakati huo huo, uani, Sista anaosha. Sitamnyima haki yake, aliosha vizuri. Mwanzoni aligeuza uso kama siku ile, lakini siku zilivyokwenda alianza kuinama karibu, akawa anatoa vipande vyeusi kwa kibano bila kumgusa mbwa mahali panapouma, halafu anakibonyeza kile kidole cha pili na kuhesabu kwa midomo bila sauti. Kengele alimlamba glovu. Alifumba macho, mabega yakamtetemeka, akaendelea. Ndani ya beseni vilikuwa vinaelea vitu ambavyo nikivikumbuka hata leo naweka kijiko chini.

"Mama, mwambie," nilisema.

"Nimwambie nini?"

"Habari ya plasta."

Aliendelea kuosha. "Mimi nimefunga vidonda vya watu mpaka mikono imenipinda," akasema baadaye. "Hakuna aliyewahi kusema Sista ameua kidole. Leo niseme nimeua cha mbwa?"

Nilimwambia ni afadhali hivyo kuliko Baba aamini kimeuawa na yeye. Alinikata jicho, akaniambia nishike beseni. Sikulishika. Niliingia ndani nikamwambia mume wangu yote, na mume wangu akasema mambo ya wazee tuwaachie wazee. Nikalala nimempa mgongo.

Mpaka wa nyama hai na nyama mfu ulijitokeza, mstari mwekundu uliokaa vizuri, na daktari akakikata kile kidole. Sista hakukubali kutoka chumbani, aliushika mguu mwenyewe mpaka mwisho. Kilipowekwa kwenye kisahani cha chuma, aliniambia baadaye, kilitoa mlio mdogo. Sikumuuliza kwa nini ananisimulia. Kile cha pili kikabaki, chembamba, kimepoteza ukucha, lakini kina joto. Kengele akarudi nyumbani akiwa amevishwa shingoni ndoo ya plastiki iliyotobolewa kitako asijilambe, akawa anagonga kila mlango.

Asubuhi aliyofunga Baba kibanda, barabara ilikuwa na watu. Wateja walikuwa wamekuja kuchukua viatu vyao, muuza mkaa amesimama na jozi ya mwanawe, wengine wamekaa tu kutazama kama watu wanavyotazama mtu anayehama. Baba alikuwa ameinama, anapanga nyundo na kalibu za viatu ndani ya kreti. Sista alikuwa amemfungulia Kengele ili amwoshe, na Kengele hakungoja beseni. Alichechemea kwa miguu mitatu, ndoo ikikwaruza ukuta, akaenda moja kwa moja kibandani na kujaribu kuingia chini ya meza. Ndoo ikagonga. Baba akamsukuma kwa mkono. Mbwa akarudi. Baba akamsukuma kwa nguvu, akasema toka, toka kwangu, utaumia. Mbwa akarudi tena, na Baba, ambaye sijawahi kumwona akimpiga hata nzi, akainua mkono juu.

Sista aliweka beseni chini, akaenda akasimama mbele yake. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba haikuwa uzi. Baba alikuwa amemkazia macho mbwa, hakuona mdomo, kwa hiyo hakusikia kitu.

Sista akageuka akatazama barabara. Watu wale wote aliwahi kuwagombeza kuhusu vidonda vyao. Wote walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kigoda chake, wakaambiwa hawajui usafi, wakatiwa alama kwenye bandeji zao. Na mumewe hasikii ila kwa kelele. Nilimwona anahesabu hilo, kisha akajikaza, akapiga kelele kwamba siyo uzi, ni bandeji yake yeye, yeye ndiye aliyekiua kidole.

Muuza mkaa akashusha viatu.

"Nini?" Baba akauliza, mkono bado uko juu.

Akapiga kelele tena, na safari hii alisema mpaka mwisho. Kwamba alimfunga mbwa huku ameangalia pembeni kwa sababu alimwonea kinyaa. Kwamba hakuacha ncha. Kwamba alisikia harufu akaijua, akasema ni panya, na mwanawe akapanda darini. Kwamba plasta aliitupa chooni, na kule kwa daktari akamtwika mumewe lawama. Alipofika kwenye panya sauti ilimkatika, akaanza neno lile upya.

"Sikupati, Sista," Baba akasema. "Sema vizuri."

Basi Sista akachuchumaa kwenye vumbi la ngozi, uso wake ukawa sawa na uso wa mumewe. Akavua glovu, jozi zote mbili. Akaushika mguu wa Kengele kwa mkono mtupu, lile pengo la kidole likimtolea maji kwenye kiganja, na mimi nikaziba pua kama kawaida yangu lakini macho sikuyaondoa. Akasema, taratibu, bila kelele, "Ni mimi. Nilimwonea kinyaa, sikumtazama."

Baba alishusha mkono.

"Nilikusikia tangu kelele ya kwanza," akasema. "Nilitaka na Kengele asikie."

Kisha akavuta kiti chake nyuma, ndoo ya Kengele ipate kupita chini ya meza.